Roho Tatu: Gemu za ndege zinazosifiwa kupita kiasi, na zile tulizozisahau

Toleo lililopita niliandika mistari michache nikasema kwamba 1942, gemu ya ndege iliyokuwemo karibu kwenye kila kaseti ya TV gemu tuliyoijua, inasifiwa kuliko inavyostahili. Sikutegemea barua nilizopata. Kuna walionikasirikia, kuna walionishukuru, na wengi wameuliza: kama siyo hiyo, basi ni ipi? Nimechagua maswali saba.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: ninaposema gemu ya ndege nina maana ya gemu ambayo una chombo kimoja, uko peke yako, unafyatua na kukwepa huku maadui wakikumiminikia. Kiwe ndege ya vita au chombo cha anga, kwangu ni mamoja.

Shikamoo dada. Maneno yako kuhusu 1942 yaliniuma. Niliicheza na marehemu kaka yangu tukiwa wadogo, na mpaka leo nikiiona namkumbuka. Unawezaje kusema ni gemu mbaya?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na kaka. Kumbukumbu yako siigusi. Saa mlizokaa pamoja mbele ya televisheni zilikuwa nzuri kwa sababu yeye alikuwepo, na zingekuwa nzuri hata mngekuwa mnacheza gemu nyingine kabisa. Mimi ninasema juu ya gemu yenyewe, na sababu zangu ni hizi.

Nimekulia kwenye kibanda cha gemu cha mjomba wangu, Ngamiani, Tanga, miaka ya tisini. Televisheni zilikuwa mbili, pedi nne, na kaseti zilizojaa gemu zinazojirudia kwa majina tofauti. Mtu akichagua 1942, mjomba alinyanyuka kwenye kiti chake na kupunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Aliyewahi kuicheza anaujua ule mlio: ti-ti, ti-ti-ti, haubadiliki, haupumziki, unaingia kichwani kama msumari. Nilitoka pale jioni nikiwa bado nausikia njia nzima.

Mashine ya asili ya kumbi, ya kampuni ya Capcom ya mwaka 1984, aliyoibuni Yoshiki Okamoto, ni nzuri kuliko hii ya Famicom, TV gemu ya Nintendo, tuliyoletewa sisi. Lakini hata hiyo ya asili ina hatua 32 juu ya bahari ileile, na ndege za adui zinazofanana toka mwanzo hadi mwisho. Sifa yake kubwa ni ule mviringo: unabonyeza kitufe, ndege inapinduka hewani, risasi zinapita chini yako. Hilo lilikuwa wazo zuri kweli. Baada ya hapo, ni uchovu.

Gemu ya ndege mimi naipima kwa nusu dakika inayofuata baada ya kufa. Ndege imelipuka. Je, ninajua nilichokosea? Je, ninapewa nafasi ya kukirekebisha palepale, wakati mkono bado una moto? 1942 inakurudisha kwenye bahari ileile na ndege zilezile, na mara nyingi hujui hata risasi iliyokupata ilitoka wapi.

Kama unataka kumkumbuka kaka yako kwa gemu inayostahili, itafute 1943 ya Capcom hiyohiyo, ya mwaka 1987. Humo hufi kwa risasi moja. Una nishati, na nishati hiyo inapungua yenyewe taratibu hata usipoguswa, kwa hiyo unalazimika kuwaendea maadui ili upate vya kujiongezea. Toleo lake la Famicom linakupa pia alama za kugawa unavyotaka: uongeze nguvu ya risasi, au ulinzi, au kiasi cha nishati. Watu wawili wanaweza kuwa na ndege mbili tofauti kabisa. Ni mdogo wake 1942, na kwa kila kitu amemzidi mkubwa wake, lakini ukitaja gemu za utotoni hakuna anayemkumbuka.

Salaam aleikum. Mimi nasema wakubwa wawili tu: Contra na Gradius. Una neno juu yao?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Waaleikum salaam. Contra ninaipenda, ila humo mtu anakimbia kwa miguu, kwa hiyo siyo ya leo.

Juu ya Gradius ninalo neno, tena la siku nyingi. Konami waliitoa mwaka 1985, na kuna kitu kimoja walichokifanya ambacho sijaona kikifanywa vizuri zaidi. Chini ya kioo kuna mstari wa vyumba vya silaha. Ukiokota kidonge, taa inasogea chumba kimoja: mwendo, kombora, risasi za pande mbili, mwali, kile kijipira kinachokufuata na kufyatua pamoja nawe, kisha kinga. Wewe ndiye unayeamua ubonyeze sasa uchukue kilichopo, au uvumilie uokote kingine taa isogee mbele. Huo ni uamuzi wa kweli, na unaufanya huku risasi zinakujia usoni.

Sasa kufa. Ukifa unanyang'anywa vyote. Mwendo, mwali, vijipira, kila kitu. Unarudishwa nyuma kidogo ukiwa na ndege inayotambaa kama kobe, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye silaha kamili. Kwa hiyo unakufa tena. Na tena. Kosa moja ulilolifanya dakika tano zilizopita limeshaamua mchezo wote uliobaki, na roho mbili ulizonazo, yaani nafasi za kuendelea ukifa, ni za kuonyeshwa tu.

Ushahidi wangu ni wao wenyewe. Marehemu Kazuhisa Hashimoto, aliyeshughulikia toleo la Famicom la mwaka 1986, aliiona gemu ni ngumu mno kwake alipokuwa akiijaribu. Akajiandikia siri ya kumpa silaha: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Siri hiyohiyo ndiyo baadaye ikaingia Contra ya NES, ile Famicom ya Marekani na Ulaya, na kuwapa watu roho 30, na ndiyo uliyoikariri wewe Mombasa na mimi Tanga. Ugumu siukatai. Ninachokataa ni kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja. Gradius ni gemu kubwa mpaka roho ya kwanza inapotoka, na hapo ndipo sifa zake zingepaswa kuishia.

Wapenzi wa R-Type ya Irem, ya mwaka 1987, msinitumie barua za hasira. Najua ina ugonjwa huohuo, na inataka ukariri kila kona kama mtoto wa madrasa. Ila lile duara lake la nguvu, unalolibandika mbele ya ndege, au nyuma, au unalirusha peke yake likapigane mbali nawe, linanifanya nisamehe mengi.

Shikamoo shangazi. Nina miaka kumi na tatu. Kaka yangu anasema kutumia kitufe cha turbo ni wizi. Ni kweli?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Siyo wizi, maana kitufe hicho, kinachofyatua mfululizo chenyewe ukikishikilia, kimewekwa kwenye pedi na waliotengeneza pedi. Lakini nataka ufanye jaribio moja, ulifanye leo.

Weka Galaxian. Naijua, ni ile ambayo watu huiruka kwenye orodha kwa sababu inaonekana ya kizee. Shikilia turbo bila kuachia. Utaona haikusaidii chochote. Itazame pua ya ndege yako: risasi imesimama pale, moja tu, inasubiri. Ukiifyatua, huna nyingine mpaka hiyo igonge adui au itoke juu ya kioo. Ukikosea, unakaa mikono mitupu huku adui mwenye umbo la mdudu anashuka akizungukazunguka kukuelekea, na wewe unaisindikiza kwa macho risasi yako inavyopanda polepole kwenda kusikokuwa na kitu. Muda ule ni mfupi sana, lakini nakuhakikishia utausikia tumboni.

Namco waliitoa mwaka 1979. Miaka miwili baadaye wakatoa Galaga, ambayo inakupa risasi mbili kwa wakati mmoja, na adui anaweza kuiteka ndege yako ukaikomboa ukawa na ndege mbili zinazopigana ubavu kwa ubavu. Dunia nzima inaisifu Galaga na kumsahau mkubwa wake. Mimi nabaki na Galaxian. Kwenye Galaga ninaweza kukosea nikajificha nyuma ya risasi ya pili. Kwenye Galaxian kila risasi ni neno nililolitamka mbele ya watu. Na ukifa, unajua kabisa kwa nini: ulifyatua kabla ya wakati. Ndege inayofuata inaanza na maadui walewale waliobaki, na safari hii unasubiri.

Kuna gemu nyingine turbo inasaidia sana, kama Star Force. Japani kulikuwa na mtu maarufu wa kampuni ya Hudson, wakimwita Takahashi Meijin, aliyesifika kwa kubonyeza mara 16 kwa sekunde moja kwa kidole chake mwenyewe. Mwambie kaka yako akifika nusu ya hapo aje tuzungumze habari ya wizi.

Habari za huko nyumbani. Nimenunua Ikaruga kwa sababu kila orodha inaiweka juu kabisa. Nimecheza wiki tatu, ninaona ni kavu. Je, tatizo ni mimi?
*Msomaji, Muscat*

Nyumbani kwema. Tatizo siyo wewe, na wala usione haya.

Kwa wasioijua: Ikaruga ni ya Treasure ya Japani, ilitoka kwenye mashine za kumbi mwaka 2001. Chombo chako kina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, unabadilisha kwa kitufe. Risasi za rangi uliyonayo unazimeza na zinakuongezea nguvu. Za rangi nyingine zinakuua. Ukimpiga adui kwa rangi tofauti na yake, unamwumiza mara mbili. Ina hatua tano tu. Kama fikra, ni kitu safi sana, na nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kimya.

Lakini aliyekuuzia hakukwambia kwamba alama zake zinapatikana kwa minyororo: waue watatu wa rangi moja, kisha watatu tena wa rangi moja, bila kuvunja. Na maadui wanakuja kwa mpangilio uleule kila siku. Kwa hiyo kuna njia iliyokwisha kupangwa na mtunzi, na kazi yako ni kuipita bila kukosea. Ni kama kupewa shairi la mtu, vina na mizani vimekamilika, ukaambiwa ulighani mbele ya watu bila kuruka silabi. Kughani ni kazi ya heshima na wapo mabingwa wake. Sisi wengine tulikuja gemu za ndege kutunga.

Na kipimo changu ni kilekile. Ukiwa unatafuta alama ukavunja mnyororo dakika ya pili, umeshakufa ingawa roho zako zote zipo. Unazima, unaanza upya. Ninaiheshimu Ikaruga kuliko gemu nyingi nilizozitaja leo, ila kuiweka juu ya zote si haki.

Jaribu DoDonPachi ya kampuni ya Cave, ya mwaka 1997. Itakutisha. Risasi zinamwagika kioo kizima kama mchele uliopasukiwa na gunia. Lakini siri yake ni hii: chombo chako ni kikubwa kwa kutazama tu. Sehemu inayokufa ni ndogo, pale katikati. Mabawa yakipitiwa na risasi hayadhuriki. Ukishaelewa hilo, acha kutazama maadui, tazama moyo wa chombo chako, na utafute upenyo. Nafasi unayoiona haimtoshi mtu, unaingiza, unatoka mzima, na hakuna aliyekupangia. Utaniandikia.

Dada, taja gemu moja tu iliyosahauliwa kuliko zote. Usitaje mbili.
*Msomaji, Iringa*

Zanac, ya Compile, 1986. Inakutazama unavyocheza. Ukifyatua kwa fujo na kujilundikia silaha, inakuongezea maadui. Ukifa, inalegeza kamba. Silaha zake zina namba, 0 mpaka 7, na kila moja ina tabia yake. Miaka ile, kwenye Famicom ileile ndogo iliyocheza gemu ya 1942, kulikuwa na gemu inayomsoma mchezaji, na sisi hatukuletewa. Nimeijua ukubwani, kwenye kompyuta, na nilisikitika kweli.

Mimi sikuwahi kuwa na TV gemu. Nilikuwa na simu ya baba, Nokia 3310, nikiicheza Space Impact usiku chini ya shuka. Wenzangu wananicheka nikisema hiyo ni gemu. Unasemaje?
*Msomaji, Kigoma*

Nasema wewe umecheza gemu ya ndege halisi, na wanaokucheka hawajaitazama vizuri.

Simu ile ilitoka mwaka 2000. Kioo chake kina nukta 84 kwa upana na 48 kwa urefu, basi. Hakuna rangi. Kila adui ilibidi achorwe kwa nukta chache nyeusi, na wewe umtambue kwa umbo na mwendo wake peke yake. Wakatoshea humo bosi wa kila hatua, na silaha za akiba zinazohesabika: ukizitumia mapema, unamfikia bosi ukiwa mikono mitupu. Kuna watu wametengeneza gemu kwenye mashine zenye nguvu mara elfu na hawakufikia uamuzi wa aina hiyo.

Nitaongeza neno ambalo najua litaleta barua nyingine. Nyoka anasifiwa kuliko anavyostahili. Simu moja, kioo kimoja, na Space Impact ndiyo iliyokuwa gemu bora zaidi kati ya hizo mbili. Na mle mle kulikuwa na Bantumi, ambayo ni ndugu wa bao letu, na watu wengi waliipita bila kuitambua. Nilimwonyesha mjomba wangu. Alivaa miwani, akacheza mpaka betri ikaisha, akasema mbegu ni chache lakini akili ipo.

Hivyo vidole vyako vilivyokuwa vinabonyeza chini ya shuka ili baba asisikie mlio, vilikuwa vinafanya kazi ileile ya vidole vyetu Ngamiani.

Binti yangu ana miaka tisa na anataka kuanza. Nimpe ipi ya kwanza? Zote ninazoziona zina kelele na taa nyingi.
*Mama, Arusha*

Mpe River Raid, dada yangu. Ni ya mwaka 1982, ya Activision, kwa mashine za Atari 2600. Leo itafute kwenye mikusanyiko ya gemu za zamani. Aliyeitengeneza ni mwanamke, Carol Shaw, na ningependa binti alijue jina hilo kabla hajashika pedi.

Ni ndege inayopanda juu ya mto. Mto unapanuka, unabana, unagawanyika, una madaraja. Shaw alikuwa na nafasi ndogo mno ya kumbukumbu, kilobaiti 4 tu, kwa hiyo hakuuchora mto. Aliandika hesabu inayouzalisha mto wenyewe, na hesabu hiyo inatoa mto uleule kila mara, kona kwa kona. Nchini Ujerumani Magharibi waliiwekea marufuku ya kuuzwa kwa watoto mwaka 1984, ati inafunza vita, na hawakuiondoa mpaka 2002. Uitazame mwenyewe kwanza, uamue. Mimi nilimpa binti yangu akiwa na miaka minane.

Sasa nikueleze kwa nini hii. Ndege yako inakula mafuta. Mtoni kuna matangi. Ukilipiga tangi kwa risasi unapata alama 80. Ukilipita kwa juu bila kulipiga, unajaza mafuta. Kitu kilekile kimoja ni chakula na ni shabaha, na mtoto anaamua kila mara. Siku ya kwanza atayapiga yote, kwa sababu yanalipuka vizuri. Muache. Ataishiwa mafuta, ndege itaanguka, atakutazama. Usimwambie kitu.

Akifa, gemu inamrudisha kwenye daraja la mwisho alilolivunja. Anajua amerudi wapi, anajua mto ulio mbele yake maana ni uleule, na anajua alichokosea. Siku ya pili au ya tatu utamwona ameanza kupunguza mwendo akikaribia tangi. Anavuta mkono wa kuongozea nyuma, ndege inakwenda polepole juu ya maandishi ya FUEL yaliyo kwenye tangi, mlio wa kujaza unasikika, na mlio ukibadilika ina maana tangi la ndege limejaa. Wangu alijifunza kusubiri mpaka mlio ubadilike, kisha, akiwa amebakiza kipande kidogo cha tangi mbele ya pua ya ndege, akalipiga. Amejaza, na amechukua zile 80. Hakuna aliyemfundisha. Aligeuka akanitazama, nikatingisha kichwa, akarudi kwenye mto wake.